Mlinzi wa Pagale la Meneja

Redio ya Mzee Romani, muuza kahawa, haina hata mfuniko wa betri, imefungwa kwa mpira wa baiskeli, lakini kwa uchokozi haina mpinzani Chang'ombe nzima. Jumamosi ile asubuhi ikamtoa mtaalamu mmoja wa uchumi: eti mtu anayelipwa milioni mbili kwa mwezi huyo ni tabaka la kati, anaishi vizuri na ana kwake.

Vichwa vyote kijiweni vikamgeukia Meneja.

Meneja ni Venance, afisa mikopo wa benki, mtu wa tai hata Jumamosi. Siku hiyo alikaa mwisho wa benchi, kahawa imempoa mkononi, roho juu. Mwenye nyumba wake alimpa mpaka kesho awe ameshatoka, nyumba inavunjwa zijengwe fremu za maduka. Demetria, mkewe, keshafunga masanduku, maana mwaka wa tisa huu anaambiwa nyumba yao ya Chamazi "imebaki finishing tu."

"Meneja, umetangazwa redioni!" akapayuka Godlisten, dalali wa viwanja. Watu wanamwita Mita Mia, kwa kuwa kila kiwanja chake kiko mita mia tu kutoka barabarani, hata kama barabara yenyewe haijachorwa. "Nunua kahawa raundi nzima, tabaka la kati!"

"Tabaka gani bwana! Mshahara ukiingia unapiga hodi tu, haukai. Makato, kodi, ada ya mwanangu Lulu, gari..."

"Gari si liko gereji tangu Pasaka?" akadakia Marietha, huku akigeuza mihogo kwenye karai.

"Gari ni gari, dada Marietha, hata likiwa gereji."

"Enhee! Na nyumba ni nyumba, hata ikiwa pagale."

Benchi likacheka. Neno hilo likamchoma Meneja, akaangalia viatu vyake.

"Mwacheni mwanangu," Mzee Romani akasema, birika mkononi. "Mie nimejenga Mbagala kwa kahawa hii hii, enzi hizo kiwanja unapewa kwa jogoo na doti ya khanga. Nyie mmesoma mkaikuta bei imeshasoma zaidi yenu. Lakini si una kuta na bati? Hamia hivyo hivyo. Kinachokuzuia nini?"

"Barua, mzee."

"Barua ya nani?"

"Ya mjumbe. Wizi umezidi kule, ulinzi shirikishi wamefunga kamba njiani. Kirikuu cha mizigo hakipiti bila barua ya mjumbe."

"Si umwone huyo mjumbe?"

Meneja akaweka kikombe chini. "Mjumbe ni Gervas."

"Gervas yupi?"

"Mlinzi wangu."

Marietha akaisahau mihogo kwenye karai. Ikabidi aeleze. Miaka tisa iliyopita, kwa ujanja wa kukwepa kulipa mlinzi, alimchukua kijana Gervas kutoka Ndanda akamweka kwenye pagale: akae bure, nondo zisiibiwe. Gervas akaja na mkeka. Akapanda mchicha, akafuga kuku, akaoa, akapata watoto watatu. Kila msiba yupo, kila harusi kashika sahani. Mwaka jana watu wa mtaa wakamchagua mjumbe.

"Haki ya Mungu!" Mita Mia akashika kichwa. "Yaani unamwomba mlinzi wako ruhusa ya kuingia kwako?"

Simu ikaita. Gervas.

"Spika! Weka spika!" benchi zima likadai.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, mheshimiwa."

Mita Mia akauma kofia yake kuzuia kicheko.

"Bosi, ishu imekuwa nzito kidogo. Kamati inasema mkazi mpya lazima atambulishwe na mkuu wa kaya."

"Mkuu wa kaya si mie? Nyumba yangu hiyo, Gervas!"

"Mie nalijua hilo, na karatasi zako za kiwanja hakuna anayezibishia. Ila mtaani wanakujua kama fundi. Miaka yote ukija umebeba mfuko mmoja wa saruji begani, unakaa nusu saa, unaondoka. Juzi mama Nusaiba hapo jirani kaniuliza, 'Huyu fundi wako mbona mvivu hivi, hamalizi?'"

Marietha akaweka upawa chini, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Ukamjibu nini?" Meneja akauliza kwa sauti ndogo.

"Nikakutetea, bosi! Nikamwambia fundi ni mzuri, hela tu ndiyo hana."

Benchi likalala kwa kicheko. Mzee Romani peke yake ndiye aliyejikaza, na yeye mabega yalikuwa yakitingishika.

"Sasa barua ninayo hapa, naandika. Sehemu ya kazi, nikiweka afisa wa benki, kamati watasema huyo tapeli, afisa gani anahamia pagale? Watakuhoji wiki nzima. Nikiweka fundi, kirikuu kinapita leo leo. Niandike nini?"

Redioni yule mtaalamu alikuwa bado anapanga watu matabaka. Meneja akamfikiria Demetria amekaa juu ya masanduku, akafikiria chuo alichosoma, na jinsi mama yake alivyouza ng'ombe ili asome.

"Andika fundi."

"Haya, fundi... samahani, bosi. Mama watoto kashawatoa kuku chumba cha mbele, karibuni sana kwetu. Yaani kwenu. Ila wale vijana wa kwenye kamba hawasomi barua vizuri, wanaangalia sura. Ukija na tai hawatakujua. Njoo na mfuko wa saruji begani."

Simu ikakatika. Hakuna aliyecheka tena. Meneja akavua tai taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni. Mzee Romani akamjazia kahawa ya moto, hela akaikataa.

"Hivi," Meneja akauliza, "duka la saruji la karibu liko wapi?"

"Hapo tu, mita mia," Godlisten akamjibu, na kwa mara ya kwanza tangu aanze udalali, alikuwa anasema kweli.