Nilikataa Mara Mbili Tu

Kwa Meneja,
Makazi ya Wazee ya Ziwa la Misonobari,
Minnesota.

Ndugu Meneja,

Pokea salamu zangu za heshima. Najua wewe ni mtu wa Texas na baridi yetu inakutesa, pole sana. Mimi sipendi kusumbua mtu, lakini yamenifika shingoni.

1. Siku niliyohamia, binti wa jikoni aliniuliza, "Bibi, nikukatie pai ya tofaa?" Nikamjibu kama mtu yeyote aliyelelewa, "Aa, usijisumbue, mjukuu wangu." Akaenda zake! Ndugu Meneja, huku kwetu kukataa mara ya kwanza ni salamu, na mara ya pili ni adabu. Mara ya tatu ndipo mtu husema, "Haya basi, kipande chembamba," akakatiwa kinene. Hata hodi hupigwa mara tatu. Mpaka leo sijaonja pai hiyo.

2. Blanketi la ziada, vivyo hivyo. Nalala na koti.

3. Bwana Orrin wa chumba cha mkabala naye ni mtu wa huku. Juzi kilibaki kipande kimoja cha keki mezani. Nikamwambia, "Chukua wewe." Akasema, "Wapi! Chako hicho, bibie." Nikala nusu, akala nusu ya nusu, tukaendelea kuachiana mpaka mhudumu akaja akafuta chembe kwa kitambaa. Naomba fidia.

4. Kengele ya moto ililia mara moja tu. Mimi na Orrin tulibaki mlangoni, "Tangulia wewe," "Hata, tangulia wewe," mpaka wazimamoto wakatubeba mzobemzobe.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mwanangu Verlyn aliniuliza kama ningependa kuiacha nyumba niliyomlelea na kuja kwako. Nikasema, "Wewe waonaje?" Kwetu hiyo ni hapana ya kupiga meza. Akauliza tena, nikasema, "Si pabaya." Hiyo ni hapana ya machozi. Nikangoja swali la tatu nimwambie ukweli, kumbe keshakodi lori! Kuishi Chicago kumemsahaulisha mila. Ijumaa anatia sahihi kuiuza nyumba, na mimi moyo unanichanika. Karatasini naweza kulisema hilo, mdomoni siwezi.

Kwa hiyo naomba wafanyakazi wote wafundishwe kuuliza mara tatu, kengele nayo pia. Nawe umpigie Verlyn aniulize tena kabla ya Ijumaa. Ukikataa, sitagomba. Nitakutabasamia tu kila tukikutana. Waulize wenyeji maana yake.

Nisalimie wote wa jikoni, hasa binti wa pai, simlaumu.

Wako asiyependa kusumbua,
Ardis Tollefson

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Verlyn kapiga simu mwenyewe. "Mama, kweli hutaki kurudi nyumbani? Sema tu, siuzi." Nikasema sitaki. Akauliza tena, nikasema sitaki. Kisha, mwana wa watu, akauliza mara ya tatu! Nikafungua mdomo niseme, "Haya basi, kama si usumbufu," ikatoka sitaki nyingine, na hiyo ilikuwa ya kweli. Barua hii ichane, tafadhali. Hapa wananiuliza mara moja moja, lakini kutwa nzima wananiuliza. Kule nyumbani, tangu baba yake afariki, hakuna aliyekuwa akiniuliza kitu.