Vitasa vya Rafu ya Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Nimefura! Meneja kasema ukuu wa stoo utakwenda kwa asiyekosea wiki hii. Kasema huku akimtazama yule mwenzangu tunayemwita Miwani! Mimi nina miaka kumi na moja hapa, Miwani ana miwili na kiherehere. Atanitambua. Shemeji yangu katutengenezea programu ya kompyuta: unaandika jina la kitu, inakuambia kiko rafu gani. Basi. Nani ashindwe kuichezea hiyo?

Jumanne, 4 Machi
Miwani hayupo, mkewe kajifungua. Nimesaini kadi ya pongezi. Kisha nikakaa kwenye kompyuta yake, ambayo haifungi kamwe, nikaandika vitasa viko rafu ya tisa. Kwa jina lake! Viko ya tatu.

Jumatano, 5 Machi
Mkosi! Mteja kataka vitasa, meneja kanituma mimi. Nikaenda moja kwa moja rafu ya tatu. Meneja kauliza nimejuaje, mbona kompyuta inasema tisa. Nikasema mazoea. Hakucheka.
Jioni shemeji kaja kula kwetu. Nikamuuliza, kijanja, jinsi ya kufuta. Akajibu huku anatafuna: "Humo hakifutiki kitu, shemeji. Ukiandika jipya, la zamani linabaki chini yake, na siku yake na saa yake."
Mke wangu kauliza mbona sili.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata dawa. Nimeandika vitasa rafu ya tatu, ya tano, ya tatu, ya nane, mara thelathini na moja. La Jumanne limezikwa. Nani ana muda wa kusoma ya zamani?

Ijumaa, 7 Machi
Meneja anao. Kasoma yote mbele ya watu. La Jumanne lina jina la Miwani, aliyekuwa wodi ya wazazi. Thelathini na moja yana jina langu! Nilitumia kompyuta yangu. Mama wa usafi naye kakumbuka kupiga deki chini ya miguu yangu, mezani kwa Miwani. Mnafiki!
Ukuu kapewa Miwani. Hata hakukasirika. Kaniambia polepole, "Kaka, ungeniambia tu kwamba unautaka." Hilo limenichoma kuliko yote. Nimelia chooni, kwa hasira.

Jumatatu, 10 Machi
Nimehamishiwa getini. Daftari la karatasi, afadhali! Lakini mlinzi mwenzangu anajifanya bosi kwa kuwa alinitangulia. Alipokwenda kula nimeandika kwamba alichelewa kufika. Chini ya ukurasa kuna karatasi ya kaboni, na nakala hupelekwa kwa Miwani kila jioni. Ipelekwe. Nani ana muda wa kusoma nakala?