Vita vya Elikem na Betri ya Acha Waseme

Sogeeni, enyi mnaokunywa na enyi mnaosinzia! Zimeni redio hiyo, na wewe unayetafuna, meza kwanza, nipate kuwasimulia vita vilivyopiganwa mchana kweupe katikati ya mto Volta, baina ya Ada na Anyanui. Asiyevijua asithubutu kusema amesikia habari za mashujaa. Mimi nilikuwepo, juu ya gunia la vitunguu, na makalio yangu ni shahidi.

Siku hiyo Elikem mwana wa Agbodza, nahodha wa mashua Acha Waseme, bingwa wa mikondo, mchumba aliyengoja jibu hata akakonda, alimpakia Mama Dzigbodi, malkia wa wauza chumvi, mzazi wa Yayra. Mama alikuwa akienda kumzika dada yake, naye alitangaza mbele yetu sote: "Kijana, nikikuta jeneza limeshafukiwa, binti yangu umsahau kabisa."

Tulipofika katikati, Elikem akazima injini atoe magugu yaliyojisokota kwenye pangaboi. Akayatoa kishujaa, akageuza ufunguo. Injini ikasema "tik", ikanyamaza. Kamba ya kuivuta ili iwake ilikuwa imekatika tangu Pasaka. Tukatupa nanga, maana mkondo ulitaka kutupeleka baharini bila kutuuliza, na kutoka ng'ambo tukasikia ngoma za msiba.

Ndipo shujaa akafuta upanga wake, yaani kitaa cha kupimia umeme, akawaendea maadui mmoja mmoja. Akaivamia fyuzi: nzima. Akaizingira swichi: nzima. Akazifuata nyaya akitambaa kwa tumbo chini ya miguu yetu. Kila alipogusa, kitaa kiliwaka. Kila alipogeuza ufunguo, kilikufa.

"Nahodha, ipe akple, pengine ina njaa!" akapiga kelele muuza kaa.

"Nyamaza wewe! Unadhani hii ni mbuzi?"

Lakini jasho lilikuwa likimtoka, kwani alikwisha kujua. Adui alikuwa kwenye betri. Betri ilikuwa ndani ya kisanduku. Na juu ya kisanduku, kwenye mto wa hariri, alikuwa amekaa Mama Dzigbodi. Mwaka mzima, kila siku ya soko, Elikem alimpa kiti hicho apate kumpendeza. Nani basi amwambie mama mkwe mtarajiwa, "Inuka"? La hasha! Heri kuzama.

Akamwita Bwana Gbekle kinyozi awe msemaji wake, kama ifanywavyo mbele ya machifu, ingawa Mama alikuwa karibu kiasi cha kumpiga kofi.

"Bwana Gbekle, mfikishie Mama kwamba mtoto wake anaomba kukitazama kisanduku."

Gbekle akatupa nguo begani, akakohoa. "Ewe Mama, mlima usiopandwa, kijana anena hivi: juu ya kisanduku imekaa heshima yetu, na chini imelala roho ya mashua. Anaomba zisalimiane."

"Mwambie nimesikia. Magoti ndiyo hayajasikia. Na muulize, ananiinua kwa ajili ya betri, au ananiona mzito?"

Mashua nzima ikaangua kicheko. Elikem akapiga magoti majini, maana mashua yetu huvuja kidogo.

"Mwambie mjinga ni mimi. Nilimweka hapo nijipendekeze, sikufikiri kwamba kila siku ya soko gunia lake la chumvi linachuruzika hadi kwenye betri. Na asipomwona dada yake leo, hata Yayra akinisamehe, mimi sitajisamehe."

Gbekle akasahau kazi yake. Mama akatazama ng'ambo kulikolia ngoma, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akainuka.

Kifuniko kikafunguliwa. Lo! Kichwa cha betri kilikuwa kimeota ukoga wa kijani kama mkate uliosahaulika. Elikem akaukwangua kwa kisu, akaikaza nati kwa koleo, akageuza ufunguo. Injini ikanguruma, nasi tukanguruma nayo, na muuza kaa akamkumbatia mtu asiyemjua.

Tulipotia nanga Anyanui jeneza lilikuwa bado uani. Mama akashuka bila kumtazama nahodha, akasema kwa sauti iliyosikika gatini kote:

"Gbekle, mwambie mkwe wangu afunge mashua, aje kubeba jeneza pamoja na wanangu."

Falme na ziandike tarehe zao zipendavyo. Sisi wa mtoni tunahesabu miaka tangu siku aliyoinuka Mama Dzigbodi.