Kamera Iliyomjua Mwalimu Editha

Nilimwahidi mama yangu kwamba leo kamera haitamwacha hata akipiga chafya. Imemwacha. Tena haikumwacha kimyakimya kama kifaa chenye adabu. Imemwacha mbele ya shule nzima, mbele ya mchungaji wetu na mahema yaliyojaa wageni, na kule ilikokwenda kila mtu amekuona.

Nimeaibika, ndugu zangu. Naandika haya nikiwa bado na shati la sherehe mwilini.

Mama yangu ni Mwalimu Atupele, wa darasa la kwanza, katika shule moja ya msingi huku kwetu Chanika. Leo alikuwa anaagwa; anastaafu. Wiki chache zilizopita aliniita jikoni, akaniambia huku akipepeta mchele:

"Lusajo, mwanangu, kwenye picha zote za shule ile mimi sipo. Nipo, lakini sipo. Ama nimefumba macho, ama nimekatwa nusu, ama mwalimu mkuu amenisimamia mbele. Maana mimi ndiye nawapanga watoto wakae sawa. Nikikimbilia nafasi yangu, wenzangu wameshapiga. Safari hii nataka nionekane. Nikiongea. Uso mzima."

"Mama, nakuahidi. Kamera haitaondoka usoni pako."

Ninaomba mwelewe kwamba sikuitoa ahadi hiyo kwa wepesi. Mimi ni mtu ninayelichukulia suala la ukweli kwa uzito wake. (Chuoni, tulipokuwa tukisomea mawasiliano ya umma, wenzangu walinipachika jina la Mchungaji Msaidizi, nami sikuona kwamba ni tusi.) Hata kamera yangu niliichagua kwa kuzingatia maadili. Zile kamera kubwa za wapiga picha, za DSLR, zina kioo ndani. Ukianza kurekodi video, kioo kile hunyanyuka, na pale pa kuchungulia panakuwa giza totoro. Unabaki kutegemea skrini ya nyuma, ambayo katika jua la Chanika haikuonyeshi kitu isipokuwa sura yako mwenyewe ikihangaika. Yangu ni ya aina ya mirrorless, haina kioo. Unachokiona unapochungulia ndicho kinachorekodiwa. Ni kamera isiyoficha kitu.

Kamera isiyoficha kitu! Nilimwambia kila aliyekubali kunisikiliza.

Binamu yangu Gwakisa hakukubali. Yeye anapiga picha za harusi kule Tabata kwa DSLR kubwa kama tofali, na alipoiona yangu aliishika kwa vidole viwili.

"Dogo, hiki kidude ndio unaendea shughuli ya shangazi? Watu wakija shughulini wanataka waione kamera. Hii watajua umekuja kusoma mita ya maji."

"Kaka, ukubwa si hoja. Fokasi ya kwako kwenye video inahangaika kama mtu aliyepoteza miwani. Hii ikiuona uso inaukamata, na inaufuata popote."

"Na betri? Yangu moja inamaliza harusi mpaka sherehe ya kuvunja kamati. Hiyo yako itakata mbuzi hajaiva."

"Nina betri za akiba."

"Basi na mie nije na yangu, tuwe wawili. Huwezi jua."

"Hapana. Kamera mbili zitatoa kweli mbili."

(Ndiyo. Nililitamka hilo. Kwa sauti. Kwa mtu mzima mwenye watoto.)

Kwa hiyo DSLR ya Gwakisa leo imeshinda kabatini Tabata, kwa amri yangu. Likumbukeni hilo, maana nami nimelikumbuka sana.

Jumamosi iliyopita nilikwenda shuleni kufanya majaribio. Mama alikataa katakata kusimama mbele ya lenzi. "Na nywele hizi? Subiri siku yenyewe." Basi nikamwomba Mwalimu Editha, wa darasa la tatu, ambaye ndiye alikuwa katibu wa kamati ya kumuaga mama, asimame badala yake. Nilimchagua kwa sababu za kitaalamu. Kimo chake kinakaribiana na cha mama. (Mama anamfikia begani.)

Katika kupekuapekua mipangilio ya kamera nikagundua jambo la ajabu. Mirrorless yangu inaweza kutunza sura ya mtu. Ukishaitunza, hata mtu huyo akiwa katikati ya umati, kamera humtafuta yeye kwanza na kumwekea fokasi yeye. Nilistaajabu. Nikaitunza sura ya Mwalimu Editha, kwa majaribio tu. Kamera ikaniuliza jina. Ningeweza kuandika "Jaribio". Niliandika "Mwl. Editha", kwa kuwa siamini kwamba heshima ya mtu inapaswa kukoma tunapoingia ndani ya mashine.

Kilichopaswa kufuata kilikuwa kuifuta sura ile na baadaye kumsajili mama. Huo ndio uliokuwa mpango. Lakini Mwalimu Editha akaniuliza, "Kaka Lusajo, umekula kweli wewe?" na baada ya hapo sikumbuki mpango wowote.

Sasa ya leo.

Nilifika mapema, nikasimika stendi yangu katikati ya uwanja. Kamati ilikuwa imekodi runinga kubwa ili watu wa mahema ya nyuma nao waone, nami nikajitolea kwa moyo mweupe: picha itoke moja kwa moja kwenye kamera yangu, kwa waya, iende kwenye runinga. Watoto wa darasa la kwanza waliketishwa mkekani, mbele kabisa, chini ya runinga ile. Gwakisa alikaa hema la pili, mikono mitupu, akiniangalia kama mkaguzi.

Mama akaingia. Jamani! Kitenge kipya, nywele zimesukwa zikasukika, watoto wanaimba, mama anacheza taratibu kuelekea meza kuu. Kamera ikamshika usoni na haikutetereka. Hadi kishimo cha shavuni kilionekana. Nikageuka kumtazama Gwakisa. Akatikisa kichwa, akasema kwa mbali, "Nimekubali, dogo."

(Hiyo ndiyo ilikuwa dakika yangu ya mwisho ya heshima katika wilaya hii.)

Mama akasimama kutoa hotuba. Mwalimu Editha akasimama naye, hatua moja nyuma yake, kumshikia karatasi na maji ya kunywa.

Nami nikachungulia. Nitasema kweli, kwa sababu nimeshasema kwamba ninaijali: sikuona kosa mara moja. Picha ilikuwa kali mno. Mwanga ulikuwa unaangukia vizuri mno. Nikasikia mama akisimulia siku yake ya kwanza darasani, watu wakacheka, nami nikatabasamu nikijua kwamba hotuba inawaingia.

Hawakuwa wakiicheka hotuba.

Mshereheshaji wetu alikuwa Mwalimu Kibwana, wa michezo, mtoto wa Kizaramo asiyeweza kuuacha mzaha upite bila kuusalimia. Akanyanyua kipaza sauti.

"Samahani, Mwalimu Atupele, nikukatishe kidogo. Wazee wa mahema ya nyuma wanauliza: anayestaafu ni Mwalimu Editha? Mbona bado binti mdogo?"

Nikatazama runinga. Mwalimu Editha alikuwa anaonekana mpaka kope moja moja. Mbele yake palikuwa na wingu la kitenge lenye sauti ya mama yangu.

Nikamgusa mama kwenye skrini ili fokasi imrudie. Ikamrudia. Mwalimu Editha akainama kumpa maji. Ikamfuata Mwalimu Editha. Nikagusa tena. Mwalimu Editha, ambaye sasa alikuwa ameshajiona runingani, akasogea kushoto. Ikamfuata kushoto. Akasogea kulia, nyuma ya mwalimu mkuu. Ikamsubiri, na alipochomoza upande wa pili ikampokea.

"Mwalimu Editha," akasema Kibwana, "tulia tu, dada yangu. Hata ukienda jikoni kwenye masufuria, utakutwa huko huko!"

Watu wakaangua kicheko. Mama, masikini, akadhani ni furaha ya sherehe, akaendelea. Akafika mahali ambapo hakunieleza kabla kwamba atafika.

"Na huyu mwanangu Lusajo, mnayemwona pale na kamera, alikuwa akilala chini ya meza yangu nikifundisha. Sikuwa na wa kumwachia." Akaninyooshea mkono. Katika runinga mkono ule ulikuwa moshi.

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Nikaanza kubonyeza vitufe. Kimojawapo niliamini kingezima ile tabia ya kufuata sura. Hakikuzima chochote. Kilichofanya ni kuirushia runinga taarifa zote zilizomo ndani ya kamera: kiasi cha betri, kiasi cha mwanga, mraba wa njano kumzunguka Mwalimu Editha, na chini ya mraba huo, kwa herufi zinazosomeka hadi barabarani, jina.

Kila mtu alikuwa akijaribu kuelewa anachokiona.

Waliotusaidia kuelewa ni darasa la kwanza. Mama yangu amefanya kazi moja tu maisha yake yote: kufundisha watoto kusoma. Amewafundisha kwamba wakiona maandishi mbele yao, wasisubiri kuambiwa. Basi mkeka mzima, kwa pamoja, kwa ile sauti ya kuvuta ya darasani, ukasoma:

"Mwaaa-liii-muuu E-diii-thaaa!"

Kisha wakarudia. Mama huwafundisha kurudia: mara ya kwanza kwa sauti, mara ya pili kwa sauti zaidi.

Sina maneno ya kueleza kelele iliyofuata. Mama mmoja wa kamati alivua kiatu akakipiga chini. Mchungaji alifunika uso kwa ratiba ya sherehe. Kibwana alikabidhi kipaza sauti kwa mwenzake kwa sababu hakuweza kusimama. Na mimi? Mimi nilibaki nimechungulia kamerani, jicho moja nimelifumba, kwa imani ya kitoto kwamba nisipowaona, hawanioni.

Mwalimu Editha akaweka glasi mezani. Akashuka, akakatiza uwanja mzima polepole (na mraba wa njano ukimsindikiza hatua kwa hatua runingani, watu wakiushangilia), akaja kusimama nyuma yangu.

"Nimekuja huku nyuma, kaka Lusajo, ili ishindwe kuniona. Haya, mrekodi mama yako."

"Asante, Mwalimu."

"Hilo jina umeliandika lini?"

"Siku ya majaribio, Mwalimu."

"Na 'Mwl.' umeniwekea."

"Kwa heshima, Mwalimu."

Halafu akasema, "Sawa."

Sijui "sawa" ile ilikuwa ya aina gani. Nimekuwa nikiichambua tangu jioni na elimu yangu yote ya mawasiliano haijanisaidia.

Nilimrekodi mama kuanzia hapo, safi kabisa, uso mzima. Alikuwa amefika kwenye kuwashukuru wapishi. Ile ya siku yake ya kwanza darasani, ile ya meza, ile aliyokuwa ameiandaa kwa majuma akiitamka mbele ya masufuria, yote imekwenda kwenye ukungu. Na ubavuni mwa lenzi kuna swichi moja ndogo inayozima fokasi yote ya kujiendesha, ukabaki unavuta kwa mkono kama Gwakisa. Nimeikumbuka wakati wanakunja mahema.

Mama hakungoja kufika nyumbani. Alikuja na viatu mkononi, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akasema, "Nionyeshe." Nikamwonyesha. Akaisogeza kamera karibu na macho.

"Huyu wa ukungu ndio mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Na Editha ameandikwa jina."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo kamera yako inamjua Editha. Mimi niliyekuzaa hainijui."

"Mama, ulikataa kurekodiwa siku ile, ulisema nywele..."

"Ungeandika tu hata 'Mama', Lusajo."

Nilitamani ardhi inimeze. Gwakisa, akiwa na mfupa wa mbuzi mkononi, akaona atusaidie. "Lakini shangazi, mkwe ametoka vizuri."

"Mkwe gani? Huyu hata kumwambia mtu 'umependeza' hawezi, mpaka amtume mashine!" Akacheka, mama yangu, kwa mara ya kwanza tangu aketi. Kisha akaifuta skrini ya kamera kwa upindo wa kitenge, taratibu, mara kadhaa, kama vile tatizo lilikuwa vumbi na yeye angetokea.

Hilo la kufuta ndilo limenishinda. Kicheko cha watu nitakizoea. Kibwana atanitania hadi nitakapostaafu mimi. Lakini nilimwahidi uso wake, na sina uso wake.

Kwa hiyo naomba jambo moja, bila mzunguko. Kama ulikuwepo leo Chanika na ulimrekodi Mwalimu Atupele akihutubia, hata kwa simu yenye kioo kilichopasuka, hata ukiwa umesimama mbali, hata kama mkono wako ulikuwa ukitetemeka kwa kunicheka, tafadhali nitumie. Ninachohitaji ni pale mwanzo, kabla ya wapishi, anapoonekana mama.

Za Mwalimu Editha msitume. Ninazo za kutosha.