Ombi la Kusawazisha Kilima cha Tatu kwa Ajili ya Mama Mkwe

Bel-Air, Lubumbashi, siku ya Ijumaa

Kwa Bwana Floribert Lombe,
Mwenyekiti wa Kamati ya Uwanja wa Gofu wa Umma

Bwana Mwenyekiti Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na kamati yako, wakata nyasi wako, na mlinzi wa lango pamoja na mbwa wake ambaye siku hizi ameacha kunibwekea. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haina amani, na sababu yake ni kilima chenu cha tatu.

Jina langu ni Chishimba David, mwalimu wa jiografia, mkazi wa Bel-Air. Bila shaka unanijua, ni yule anayecheza kila Jumamosi akiwa na suruali iliyopigwa pasi hata kama mvua inaonekana. Mimi si mtu wa malalamiko. Mashimo ya panya sikulalamika. Siku mbuzi walipokula bendera ya shimo la saba, wenzangu walipiga kelele, mimi nikasema uwanja ni wa umma na mbuzi nao wana wenyewe. Lakini jambo hili limenifika shingoni, na nisipoandika nitapasuka.

Mama mkwe wangu ameanza kucheza gofu.

Usinielewe vibaya. Daktari alimwambia apande vilima kwa ajili ya presha, na rafiki yake Mama Germaine akamwambia kuna mahali pazuri penye vilima na hewa safi, tena unapiga mpira usichoke kutembea bure. Hayo yote ni sawa. Tatizo ni kwamba sisi watu wa upande wa Luapula tuna desturi yetu. Mwanaume hakutani uso kwa uso na mama wa mke wake mpaka siku ambayo familia ya mke inamwingiza. Siku hiyo wanapika kuku, wanamkalisha, wanamlisha, na mkubwa wa familia anatamka kwamba njia sasa iko wazi. Kabla ya hapo, nikimwona anakuja naacha njia. Akiingia kwa mlango wa mbele, natoka kwa mlango wa jikoni. Hatusemeshani; tukiwa na neno, linapitia kwa mtu wa tatu. Hata jina lake silitamki, na hapa sitaliandika. Liko kwenye orodha yako ya wachezaji, nawe utalitambua, maana ni mama pekee anayecheza na mwavuli wa njano.

Utaniuliza kwa nini sijaingizwa mpaka leo. Mkubwa wa familia ni mjomba Bwalya wa Kasenga, mfanyabiashara wa samaki. Samaki wakiwa wengi anasema atakuja wakipungua. Wakipungua anasema hawezi kuuacha mto wakati samaki ni wachache. Wakati huo huo mtoto wetu wa kwanza ameshaingia chuo kikuu, na mimi bado natoka kwa mlango wa jikoni.

Hata hivyo mjini tuliishi bila shida. Barabara za Lubumbashi ni tambarare, mwavuli wa njano unaonekana toka mbali, navuka upande wa pili na heshima inabaki mahali pake. Uwanja wako ndio umetuharibia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kilima cha tatu kinaficha watu. Nasema haya kama mwalimu wa jiografia. Ukiwa chini huoni aliyeko juu, na ukifika juu umeshachelewa. Mara ya kwanza nilifika kileleni nikifuata mpira wangu, nikaona kitambaa cha njano kinapanda kutoka ng'ambo. Niliangusha mfuko wa fimbo nikateremka mbio hadi nyuma ya kichuguu kile kikubwa. Huko niliwakuta akina mama wanachuma uyoga. Mmoja akaniuliza, "Papa, unakimbia bapolisi?" Nikamjibu, "Nakimbia bukwe," yaani mkwe. Akasogea bila kuuliza zaidi, akasema, "Ah bon. Basi ingia muzuri, miguu yako inaonekana." Hawa wameelewa kwa neno moja jambo ambalo kamati yako haijalifikiria tangu uwanja ufunguliwe.

2. Sheria yenu ya tatu inasema mchezaji akiona mpira wake unamwelekea mtu, lazima apige kelele kumwonya. Mpira wangu ulimwelekea mama yake mke wangu Dorine. Nimpigie kelele nikimwita nani? Jina siwezi, na kumfokea mama wa mke wangu sijafikia huko. Nilikohoa. Nilikohoa kwa nguvu zangu zote, Bwana Mwenyekiti, na mpira ukatua juu ya mwavuli. Sauti ya Mama Germaine ikaja kutoka nyuma ya kilima: "Bukwe, mama anasema balle yako iko mu parapluie yake. Anasema haina nguvu."

3. Sheria ya tano inasema anayecheza polepole awapishe wanaokuja nyuma. Nani anacheza polepole hapa? Mimi, kwa sababu kabla ya kila pigo nazunguka kilima kuchungulia. Yeye anapiga mipira mifupi iliyonyooka, anatembea, anapiga tena, hana wasiwasi na dunia. Kwa hiyo kila Jumamosi ananifikia na kila Jumamosi lazima nimpishe, nami siwezi kumpisha nikiwa nimesimama pale kama nguzo. Wiki iliyopita nilimpisha nikiwa nimelala kifudifudi kwenye mfereji. Nikasikia hatua zao zinasimama. "Bukwe," Mama Germaine akasema, "mama anauliza, uko mugonjwa?" Nikajibu na uso kwenye majani, "Mumwambie hapana. Niko natafuta balle." Sasa Bel-Air nzima inasema mwalimu Chishimba anakunywa. Mke wangu Dorine aliyasikia sokoni, akarudi nyumbani amenuna. "Mama yangu haiko simba," akaniambia. "Unamukimbia mpaka mu mufereji juu ya nini?"

Najua kwamba si simba. Hapo ndipo panaponiuma. Mwaka ule nilipougua malaria ikanipanda kichwani, mama huyo alikuja kila siku akakaa nje, chini ya dirisha langu. Uji alimpa Dorine aniletee. Sikumwona, nilisikia tu akisafisha koo na akiuliza wengine kama nimekula. Homa iliposhuka akaondoka, na mimi sikuweza kumwambia asante isipokuwa kupitia kwa mke wangu. Asante inayopitia kwa mtu mwingine inafika imepoa. Nampenda yule mama, na ndiyo maana najificha.

4. Ili kulinda heshima, nimejifunza kupanda kilima cha tatu kinyumenyume. Nikifika juu naye yuko juu, atakutana na mgongo wangu, ambao ameshauzoea. Nimeanguka mara nyingi, na suruali zangu zina alama za majani ambazo hakuna sabuni ya mjini inayozitoa. Vijana wa Kampemba wananicheka. Mmoja wao amefikia kunipiga picha, na nasikia picha hiyo inatembea kwenye simu za wanafunzi wangu.

5. Haya ya juu ningeweza kuyavumilia. Lakini kamati yako imepiga kura ya mashindano ya wawili wawili ya Jumamosi ya wiki ijayo, na ubaoni mmeandika jina langu pamoja na jina ambalo siwezi kuliandika. Mmenipanga na mama mkwe wangu, Bwana Mwenyekiti. Mashimo yote, bega kwa bega, tukipokezana mpira mmoja. Nilisoma ubao ule nikashika ukuta.

Nikaja kwa katibu wako kujitoa. Akanionyesha sheria: anayejitoa anamtoa na mwenzake, wote wawili hawachezi tena msimu huu. Sasa nieleze nifanye nini. Nikicheza, nitakuwa nimemvunjia heshima mama wa mke wangu mbele ya watu wote, kabla mjomba Bwalya hajatamka neno. Nisipocheza, nitamfukuza uwanjani, yeye ambaye ameshatangaza mashindano haya parokiani kote na amenunua viatu vyeupe. Dorine anasema viatu hivyo vimewekwa juu ya kabati ya vyombo, hakuna mtu kuvigusa. Nikijitoa, nitaviua viatu vile kwa mkono wangu mwenyewe, na sitaweza kuomba radhi kwa sababu kuomba radhi nako ni kusemeshana.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba yafuatayo.

Kwanza, kilima cha tatu kisawazishwe kabla ya Jumamosi hiyo. Usiniambie haiwezekani. Katika mkoa huu nimeona milima mizima ikiliwa na migodi, ikipakiwa kwenye malori, ikavuka mpaka wa Kasumbalesa, na hakuna aliyesema haiwezekani. Kilima chenu ni kazi ya mapumziko ya chakula cha mchana. Na mkimaliza cha tatu, mwendelee na vingine, kwa maana nimegundua kwamba ukiondoa kilima kimoja, kile kinachofuata ndicho kinachoanza kuficha watu.

Ikiwa mashine hazipatikani, naomba pazia. Lishonwe la turubai, lianzie shimo la kwanza hadi la mwisho, yeye acheze upande wake na mimi wangu, na mpira tupitishiane kwa chini. Mama Germaine atatangaza matokeo.

Ikiwa hata turubai ni shida, basi uwanja mzima uhamishiwe Kasenga. Nimelifikiria jambo hili kwa makini. Kule kando ya mto ardhi ni tambarare, mwavuli utaonekana vizuri, na zaidi ya yote mjomba Bwalya yuko palepale. Ataniingiza asubuhi, arudi kwenye samaki wake, nasi tutaanza mashindano bila kosa. Wanachama wa mtaa wa Golf watalalamika kuhusu umbali, lakini wao wana magari.

Naamini utalipokea ombi langu kwa moyo uleule uliokufanya ukubali mbuzi. Wasalimie wanakamati wote, mama wa nyumbani kwako, watoto, wakata nyasi mmoja mmoja, na mlinzi wa lango. Mbwa pia. Akina mama wa uyoga ukiwaona, waambie yule papa wa kichuguu bado anawashukuru.

Ni mimi, mchezaji wako mwenye adabu na matope,

Chishimba David
Mwalimu wa jiografia

N.B. Barua hii nilikuwa nimeshaifunga, na leo Jumamosi asubuhi nilikuwa naileta ofisini kwako. Nilipitia uwanjani kwa kuwa ni njia ya mkato, na nilibeba fimbo moja na mpira mmoja, kwa maana mtu haendi uwanjani mikono mitupu. Nikapiga pigo moja. Mpira ukaenda juu ya kilima cha tatu. Nikaupandia kinyumenyume kama kawaida yangu.

Karibu na kilele mgongo wangu uligonga kitu. Nilidhani ni mti, lakini pale hakuna mti. Kilikuwa ni mgongo mwingine. Mama yake Dorine alikuwa amesikia kwamba mkwe wake anapanda kilima kinyumenyume kwa heshima, akaona haifai mkwe peke yake aheshimu, naye akawa anapanda kinyumenyume kutoka ng'ambo. Tulibaki hivyo, mgongo kwa mgongo, kila mtu anatazama upande wake wa mji. Halafu nikasikia mgongo wake unatetemeka, na nikatambua kwamba anacheka.

"Toka siku unaoa mutoto yangu," akasema, "minajua tu mugongo yako. Geuka."

Niligeuka. Ana macho ya Dorine, Bwana Mwenyekiti. Hakuna aliyewahi kuniambia. Akafungua kitambaa kwenye mfuko wake wa fimbo, ndani mkiwa na kuku na bukari, ule ugali wetu. Mama Germaine, aliyekuwa pembeni, akaniambia kuku huyo hupikwa kila Jumamosi, wakinikosa wanamla wenyewe njiani wakirudi. Kisha Mama Germaine akajinyoosha kama mkubwa wa familia, akasema, "Mimi leo njo Bwalya. Njia iko wazi." Mama akanikalisha, akanipa kipande kwa mkono wake. "Ikala, ukule. Mi minachoka kungoja samaki." Nilikula nikilia, na sioni haya kukuandikia.

Kwa hiyo kilima cha tatu kisiguswe. Kama kingekuwa kimesawazishwa, tungeonana toka mbali na kila mtu angekimbia zake, kama miaka yote. Pazia halihitajiki, na Kasenga ibaki Kasenga. Majina yetu ubaoni yaache yalivyo. Jumamosi ijayo tutacheza, ingawa sitegemei kushinda. Tulipomaliza kula nilipiga mipira michache mbele yake, na anasema nashika fimbo kama mtu anayeponda majani ya sombe kwenye kinu. Ameniambia mwenyewe.