Miaka Yangu na Tezi Dume

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nyumbani Ngokolo. Nimeamka na nguvu zangu. Usiku chooni mara nne tu.

Generoza, mjane niliyemchumbia, amekuja na sharti. Hafungi ndoa mpaka nipime tezi dume. Marehemu mumewe aliona aibu, akaficha ugonjwa, akazikwa. Anasema hawezi kupitia hayo mara ya pili. Machozi yalimlenga. Nikamwonea huruma kweli.

Kisha akaongeza kwamba Telesphori, yule mwalimu mstaafu anayejipitisha kwake kila jioni, ameshapima na amemletea majibu. Ndani ya bahasha! Huruma ikakatika. Kesho napima.

Jumanne, 4 Machi
Hospitali, na Generoza. Kumbe wanaanza na damu, si kidole. Mimi nimeshuka duara, shimo la mita thelathini, kule Bulyanhulu nikitafuta dhahabu, siogopi kidole. Ila nilishukuru.

Daktari Violeth, binti mwenye adabu, alinipa shikamoo, akauliza umri. Nina sabini na sita. Lakini Generoza anajua nina sitini na sita, maana ndivyo nilivyomwambia, na alikuwa ameketi ubavuni. Nikasema sitini na sita. Daktari akanitazama meno.

Akaeleza kwamba kwa umri huo kupima kuna faida na hasara, nichague mwenyewe. Aliyevuka sabini faida yake ni ndogo. Saratani hii mara nyingi hutambaa polepole, mzee huondoka kwa jambo jingine kabisa, na kuifukuzia kunaweza kumtesa bure. Nikawasikitikia wazee hao. Nikatoa mkono wachukue damu.

Ijumaa, 7 Machi
Majibu ya damu: 5.8. Nikapokea kwa kifua mbele.

Daktari akasema kwa mtu wa sitini na sita namba hiyo iko juu. Niende Mwanza wakachukue vinyama kwa sindano. Nikauliza sindano inaingilia wapi. Akaniambia. Nikaomba arudie. Akarudia, ni palepale.

Generoza akaanza kulia kimyakimya, akisema ni yaleyale ya marehemu. Nikauliza, kwa kutaka kujua tu, je angekuwa mtu wa sabini na sita? Daktari akasema huyo asingemshtua. Angempima tena baada ya wiki kama sita.

Sindano ningeweza kuikimbia. Machozi ya Generoza yalinishinda. Nikatoa kitambulisho cha taifa, nikakiweka mezani. Mwaka 1949.

Generoza akasoma, akafuta macho. Akasema alijua siku nyingi, maana kila Jumapili namsimulia sherehe za Uhuru nilivyozishuhudia, na kwa hesabu yangu nilikuwa na miaka miwili. Umri haumsumbui. Kufichwa ndiko kunamuumiza, ameshazika mmoja aliyeficha. Niliona aibu. Nikaapa mbele ya daktari kwamba umri wangu sitaupunguza tena. Generoza akanikubalia, ndoa baada ya Pasaka. Nduhu tabu, hakuna shida!

Jumapili, 9 Machi
Baada ya Misa nimemuuliza Telesphori alipata ngapi. Mbili. Nikamwambia mimi 5.8. Mwalimu mzima, nimemzidi karibu mara tatu.

Jumanne, 15 Aprili
Siku ya kurudia kipimo, tena na Generoza. Nimelifikiria jambo hili wiki zote sita. Miaka kumi tu iliongezeka kwenye faili, na safari ya Mwanza ikafutwa papo hapo. Hakuna dawa nimewahi kunywa ikafanya kazi upesi hivyo. Na kiapo changu kilihusu kupunguza. Kuongeza hakikutajwa.

Dirishani mwandikishaji mgeni akauliza umri. Nikasema themanini na sita, nipone kabisa.

Akainuka na kunipa kiti chake. Akaniletea maji. Akamwambia Generoza, kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi la mwisho, kwamba Mungu atambariki kwa jinsi anavyomtunza baba yake.

Benchi zima likatuangalia. Generoza akainamisha uso. Nadhani ni fahari.