Neno Bodi na Kiti cha Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Machi
Nimestaafu ualimu, sijastaafu ushindi. Ijumaa chama cha wasomaji wa maktaba kinachagua mwenyekiti. Tunagombea wawili: mimi na Fundi Saa. Kila mmoja ataeleza asili na maana za neno moja lililotoka Kiingereza: bodi. Miaka thelathini nimefundisha lugha. Yeye hufundisha mishale kuzunguka. Kiti ni changu!

Jumanne, 4 Machi
Si changu bado. Fundi Saa ameipitia kamusi kubwa ya maktaba, na ipo moja tu. Amegundua kwamba bodi ilikuwa ubao. Ubao ukawa meza. Meza ikawa chakula kilichoandaliwa juu yake. Hatimaye wakubwa walioizunguka nao wakaitwa bodi. Alhamisi atarudi kunakili. Kaniambia tusaidiane, Mwalimu, kidole kimoja hakivunji chawa. Nimemjibu kwamba chawa wangu nawavunja mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Nimeichukua kamusi! Nilifuata taratibu zote, nikaificha chini ya koti, nikatoka. Mkutubi aliniuliza kama nimenenepa. Nikasema ni uzee. Dada yangu, ninayekaa naye, ameikuta uvunguni. Kaka, umri huu unaiba vitabu? Nimemsahihisha: nimeazima.

Alhamisi, 6 Machi
Nimenakili kurasa kumi na tisa za maelezo. Ubavu wa merikebu nao uliitwa bodi! Nimepita maktaba: Fundi Saa anazunguka rafu kama kuku anayetaka kutaga. Raha iliyoje!

Ijumaa, 7 Machi
Nilizungumza saa nzima. Wawili walisinzia, elimu iliwazidi. Fundi Saa akasimama mikono mitupu. Akasema kamusi hakuiona, ila mkutubi ameikuta kadi ya kuiazima kwenye kisanduku cha kadi. Akaisoma. Jina langu kamili. Tarehe. Sababu ya kuazima: kumzuia Fundi Saa asiisome.

Sijapata kutoka na kitabu bila kujaza kadi. Wala sijapata kuandika uongo kwenye kadi.

Ukumbi mzima ulishika mbavu. Kura: yeye ishirini na sita, mimi moja. Dada yangu anaapa kwamba hiyo moja si yake.

Jumamosi, 8 Machi
Mwenyekiti mpya amekuja kuchukua kamusi. Kanipa ukatibu, anasema hajaona mtu mkweli kama mimi mbele ya fomu. Nimekubali kwa unyenyekevu. Alipotoka tu, nikaandika mpango wa kumpindua. Mwandiko safi, nakala mbili. Moja nimeiweka kwenye jalada la chama, kama taratibu zinavyotaka.